Foleni Iliyohamia Kwenye Skrini: Serikali Mtandao ya Ulaya na Mtu Asiyeenea Kwenye Fomu

Zamani kidogo, mgeni aliyetaka kibali cha ukaazi pale Bobigny, kaskazini-mashariki ya Paris, alijua la kufanya: aamke usiku, ajifunike nguo nzito, akapange foleni nje ya ofisi ya serikali ya mkoa kabla jogoo hajawika. Ilikuwa fedheha, na wapiga picha wa magazeti waliiona. Kisha miadi ikahamishiwa mtandaoni na foleni ikatoweka barabarani. Lakini haikwisha. Ilihamia kwenye skrini, ambako hakuna mpiga picha. Watu wakakesha wakifungua ukurasa uleule unaosema hakuna nafasi, na nafasi chache zilizojitokeza zikanyakuliwa na vishoka na kuuzwa. Tarehe 3 Juni 2022 Baraza la Dola, mahakama ya juu ya Ufaransa katika mambo ya utawala, likaamua kwamba serikali inaweza kumtaka mgeni aombe kibali kwa mtandao, ila kwa sharti: asaidiwe, na akishindwa hata baada ya kusaidiwa, awekewe njia nyingine.

Naanza na hukumu hiyo kwa sababu inaliweka swali mahali pake. Ulaya imeshaamua kwamba huduma za serikali zitakuwa mtandaoni. Umoja wa Ulaya umejiwekea lengo kwamba ifikapo 2030 huduma zote muhimu za umma zipatikane kwa mtandao, asilimia 100. Kinachobishaniwa sasa ni hali ya mtu ambaye mtandao umemkataa. Aende wapi, na atakayemkuta huko ana mamlaka gani?

Wanaoitetea serikali mtandao wana hoja nzito, na si haki kuipita juujuu. Dirisha la zamani la ofisini halikuwa na asali. Nani kati yetu hajaambiwa "njoo kesho" na karani ambaye faili liko mezani pake? Dirisha lina macho: linaona jina la ukoo, linasikia lafudhi, linakagua viatu. Mfumo uliojengwa vizuri hauulizi umetumwa na nani, haufungwi saa tisa na nusu, na unamhudumia mkulima wa kisiwa cha Saaremaa sawasawa na mwanasheria wa Tallinn, mji mkuu wa Estonia.

Nimetaja Tallinn makusudi, maana Estonia ndiyo hoja yao bora. Ni nchi ya watu kama milioni 1.3, iliyotoka kwenye Umoja wa Kisovyeti mwaka 1991 ikiwa haina fedha za kujenga ofisi kila kona. Mwaka 2001 ilizindua X-tee, njia ya kuziunganisha kanzidata za serikali. Mwaka 2002 ikaanza kutoa kitambulisho chenye saini ya kidijitali, na mwaka 2005 ikawa ya kwanza duniani kuruhusu nchi nzima kupiga kura kwa intaneti. Katika uchaguzi wa Bunge wa Machi 2023, zaidi ya nusu ya kura zilipigwa hivyo. Mtoto akizaliwa, taarifa za kuzaliwa kwake zinatosha kuifanya serikali iwaandikie wazazi yenyewe kuwaonyesha posho wanazostahili.

Watanzania tuna msemo wa kiofisi, "mifumo isomane". Estonia mifumo inasomana kwelikweli, lakini haikurundikwa ndani ya ghala moja. Kila idara inashika taarifa zake; nyingine ikizihitaji inaziomba kupitia njia iliyofungwa kwa siri, na kila ombi linatiwa saini na kuandikwa. Sheria yao inaizuia serikali kukuuliza jambo ambalo tayari inalijua. Jambo ninalolipenda kuliko yote ni kwamba mwananchi anaweza kufungua ukurasa wake akaona ni ofisi gani iliyochungulia taarifa zake na lini. Afisa akichungulia bila sababu ya kazi, anaacha alama. Kwa kawaida serikali ndiyo inayomwona raia. Hapa raia naye anaiona serikali.

Hata hivyo somo kubwa zaidi la Estonia, kwa maoni yangu, lilitoka kwenye msiba wake. Mwaka 2017 watafiti waligundua udhaifu ndani ya chipu ya vitambulisho, na kadi zaidi ya laki saba zikawa hatarini. Serikali haikuficha. Ilitangaza mwezi Septemba, na mapema Novemba ikasimamisha matumizi ya kidijitali ya kadi hizo mpaka zifanyiwe marekebisho. Wengi walizirekebisha wakiwa nyumbani. Walioshindwa walikwenda kupanga foleni kwenye ofisi za polisi na walinzi wa mpaka, ambako palikuwa na kaunta na watu wa kuwahudumia. Kwa hiyo hata nchi inayosifiwa kwa kuondoa karatasi ilivushwa salama kwa sababu dirisha lilikuwa bado wazi.

Sasa twende Uholanzi, na hapa naomba msomaji awe na subira, kwa kuwa jambo hili halielezeki kwa mkato. Mamlaka ya kodi ya nchi hiyo ndiyo iliyolipa posho ya kuwasaidia wazazi kugharimia malezi ya watoto wanapokuwa kazini. Ili kuwanasa walaghai, ilitumia programu ya kompyuta iliyompa kila mwombaji alama ya hatari, na kutokuwa na uraia wa Uholanzi kulihesabiwa miongoni mwa dalili za hatari. Aliyepata alama mbaya alichunguzwa kwa ukali. Saini iliyosahaulika, au mchango mdogo wa mzazi ambao haukulipwa, ulitosha kumfanya adaiwe posho yote ya mwaka mzima au miaka kadhaa: maelfu kwa maelfu ya euro. Familia nyingi zenye asili ya Moroko, Uturuki, Surinam na visiwa vya Karibi ziliangukia humo. Watu walipoteza nyumba na ndoa zikavunjika, na watoto zaidi ya elfu moja katika familia zilizoathirika walichukuliwa na kuwekwa chini ya uangalizi wa wengine. Wazazi walioomba kusoma mafaili yao walipewa kurasa zilizopakwa wino mweusi.

Desemba 2020 kamati ya Bunge iliripoti kwamba misingi ya utawala wa sheria ilikuwa imekiukwa. Tarehe 15 Januari 2021 serikali yote ya waziri mkuu Mark Rutte ikajiuzulu. Mwishoni mwa mwaka huohuo mamlaka ya kulinda taarifa binafsi iliitoza mamlaka ya kodi faini ya euro milioni 2.75 kwa jinsi ilivyotumia taarifa za uraia.

Wapo wanaojibu kwamba hilo halikuwa kosa la kompyuta, na kwa sehemu nawakubali. Sheria yenyewe ilisomwa kwa ukali usio na huruma, na Baraza la Dola la Uholanzi liliuhalalisha usomaji huo kwa miaka, hadi lilipogeuza msimamo Oktoba 2019. Wanasiasa walitaka ukali, kwa kuwa mwaka 2013 nchi ilikuwa imechafuka kwa habari za magenge yaliyovuna posho. Mashine ilitii tu. Lakini utiifu huo ndio unaonitia hofu. Karani mkali humchosha mtu mmoja baada ya mwingine, na kati ya makarani kumi atapatikana mmoja atakayemwona mama analia akauliza, "Hebu lete hiyo barua, tatizo ni nini?" Ndani ya mfumo ule swali kama hilo lilikosa pa kuulizwa kwa miaka. Waliolipenyeza hatimaye walikuwa wakili wa wazazi, waandishi wa habari, na wabunge wawili waliong'ang'ania, Pieter Omtzigt na Renske Leijten.

Ujerumani ina aibu ya upande wa pili, na haihitaji maneno mengi. Sheria ya mwaka 2017 iliagiza huduma 575 ziwe mtandaoni ifikapo mwisho wa 2022. Lengo halikufikiwa hata kwa mbali, kwani majimbo 16 na manispaa kama 11,000 kila moja ina taratibu zake. Raia aliyeendelea kuchapisha fomu, kutia saini kwa kalamu na kusubiri barua hawezi kuambiwa kwamba uzee wa dirisha unamlinda. Naye anaumia, kwa polepole.

Denmark ilikwenda kwa kasi ya mwisho kabisa. Tangu 1 Novemba 2014 kila mkaazi wa miaka 15 na zaidi anatakiwa kupokea barua za serikali kwenye sanduku la kidijitali, isipokuwa aliyeomba msamaha akakubaliwa. Barua ikiingia humo inahesabiwa kuwa imekufikia, uwe umeisoma au hukuisoma. Mwishoni mwa 2025 shirika lao la posta likaacha kabisa kusambaza barua, kazi iliyoanza mwaka 1624, na iliyobaki ikaachiwa kampuni binafsi. Wadenishi wengi wameridhika na mfumo huu na sina sababu ya kuwabishia. Lakini fikiria mtu aliyepata kiharusi, au aliyewasili majuzi na lugha bado inamkwama, ambaye barua ya kumtaka ajieleze imemfikia kisheria bila yeye kujua.

Hao si wachache kama tunavyopenda kuamini. Kwa takwimu za Umoja wa Ulaya za 2023, ni asilimia 56 tu ya watu wa miaka 16 hadi 74 waliokuwa na ujuzi wa msingi wa kidijitali. Lengo la 2030 ni asilimia 80. Kuweka huduma zote mtandaoni ni jambo ambalo waziri anaweza kuliagiza. Ujuzi wa watu hauagizwi.

Hesabu ya fedha nayo ina kona iliyofichika. Kufunga kaunta kunapunguza matumizi ya ofisi, na namba hiyo inaonekana kwenye bajeti. Saa ambazo binti anatumia kumjazia baba yake fomu hazionekani popote, wala jioni za yule kijana wa kujitolea kanisani au msikitini anayewafungulia watu akaunti. Dar es Salaam kazi hiyo hufanywa steshenari, na Nairobi hufanywa saiba: unalipa kidogo, kijana anakujazia fomu yako, na mara nyingi anabaki na neno lako la siri. Ufaransa imefanya jambo ninaloliheshimu. Kuanzia mwaka 2019 imefungua vituo vinavyoitwa France services, sasa zaidi ya 2,500, ambapo mtumishi anakaa na wewe mbele ya kompyuta na kukusaidia. Ni steshenari ya serikali, yenye wajibu wa kutunza siri. Upungufu wake ni kwamba mtumishi huyo anakusaidia kubonyeza tu. Mfumo ukikosea, hawezi kuusahihisha.

Hatua inayofuata ni pochi ya kidijitali. Kwa kanuni mpya ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Mei 2024, kila nchi mwanachama inatakiwa iwape watu wake pochi hiyo ifikapo mwisho wa 2026: kitambulisho, leseni na vyeti ndani ya simu, vinavyokubalika kutoka Lisbon hadi Helsinki. Ina jambo zuri sana ndani yake. Unaweza kuthibitisha kuwa umetimiza miaka 18 bila kumwonyesha mwenye duka tarehe yako ya kuzaliwa wala anwani yako. Kadi ya plastiki unayoionyesha kwa mkono haiwezi kufanya hivyo. Kanuni hiyo pia inasema matumizi ya pochi ni ya hiari, na asiyeitumia asinyimwe huduma wala kuwekwa nyuma.

Naunga mkono pochi hiyo, na naunga mkono kwa nguvu zaidi kifungu hicho cha hiari. Tatizo ni kwamba kimeandikwa kama ile hukumu ya Juni 2022: kinatoa haki bila kutaja mlango wake. Desemba 2024, miaka miwili na nusu baada ya hukumu, ofisi ya mtetezi wa haki za raia wa Ufaransa chini ya Claire Hédon ilitoa ripoti juu ya jukwaa la vibali vya wageni na kulilaumu kwa kuvunja haki za watumiaji kwa wingi. Watu walioomba kwa wakati kuongezewa vibali walibaki bila karatasi ya kuonyesha mwajiri, wakasimamishwa kazi na kukatiwa posho, wakati maombi yao yalikuwa yamekwama tu ndani ya mfumo.

Kwa hiyo ningependa kila nchi, kabla ya kutangaza pochi yake, iandike kwenye sheria zake mambo matatu ya kawaida kabisa: kaunta iko wapi, inafunguliwa saa ngapi, na afisa anayekaa hapo anaruhusiwa kubadilisha kitu gani kwenye kumbukumbu.