Daftari la timu likae kwetu

Juni 2023, saa mbili kasorobo asubuhi, nilikuwa bado kwenye matatu Ngong Road simu ilipolia. Alikuwa mhasibu wa Sacco moja ya walimu wastaafu, mteja wa tangu mwanzo wa timu yetu ya kuandika programu, mama asiyepiga simu ovyo. "Kijana wangu," akasema, "hapa dirishani nina Mwalimu wa miaka 71. Programu yenu imemtumia ujumbe kwamba ana deni lililopitisha muda. Nimeangalia, ni shilingi moja. Sasa mimi nimweleze nini?"

Mwalimu alikuwa amechukua mkopo wa dharura wa miezi 3. Deni lake pamoja na riba lilikuwa shilingi 16,000. Zigawe kwa 3, unapata 5,333 na senti 33. Anayelipa kwa M-Pesa hatumi senti, kwa hiyo tangu zamani programu yetu ilikuwa na mstari mmoja wa msimbo, yaani maagizo ya programu, uliopandisha kila malipo hadi shilingi kamili inayofuata, 5,334, kisha ukapunguza kilichozidi kwenye malipo ya mwisho, 5,332. Jumla inatimia. Miezi 3 kabla ya simu ile, kijana mgeni katika timu yetu alikutana na mstari huo, akaushangaa, akaunyoosha jinsi alivyofundishwa chuoni: kila malipo yakadiriwe kwa shilingi iliyo karibu. Lakini 5,333 mara 3 ni 15,999. Shilingi moja ikabaki inaning'inia, na programu haiwaachilii wadhamini mpaka deni lifike sufuri. Wadhamini wa Mwalimu, wazee wenzake wawili, walikuwa wamepata ujumbe pia.

Kijana yule hakufanya uzembe. Kabla ya kuugusa mstari aliuliza ni wa nini, na katika sisi 6 hakuna aliyekumbuka. Maelezo yalikuwepo. Mwaka 2020 tulikuwa tumejadiliana kwa siku mbili nzima, na mhasibu yuleyule alitutumia picha za daftari lake kutuonyesha senti zinavyowaumiza wanachama. Yote hayo tuliyaandika pale pale penye msimbo, kwenye hoja, yaani ukurasa wa mjadala wa jambo moja, yenye namba yake. Ila sasa hoja hiyo ilikuwa ndani ya akaunti ambayo hatukuweza tena kuifungua.

Akaunti hiyo, kwenye huduma moja ya ng'ambo ya kuhifadhi misimbo, ilifunguliwa na mwenzetu kwa barua pepe yake binafsi. Sote tukawa tunaitumia hiyo hiyo moja. Mwenzetu akahama nchi, tukamuaga kwa nyama choma, hatukukumbuka kumwomba funguo. Mwanzoni mwa 2023 huduma ikatilia shaka kwamba watu wengi wanaingia kutoka mashine nyingi, ikafunga mlango na kudai tarakimu za uthibitisho. Tarakimu zilikuwa zikienda kwenye simu ya mwenzetu, na simu ilikwisha ibwa. Tuliandika, tukajibiwa na mashine. Tuliandika tena tukiambatanisha cheti cha usajili wa kampuni, mashine ikatujibu vilevile. Akaunti bado iko huko hadi leo, ina jina letu, imefungwa.

Nikisimulia haya, swali la kwanza huwa: kwa hiyo mlipoteza msimbo? Hapana. Git, chombo kinachotunza msimbo na mabadiliko yake, haipotezi msimbo kirahisi hivyo. Kila mmoja wetu alikuwa na hazina nzima ya msimbo kwenye kompyuta yake, pamoja na historia yote ya mabadiliko tangu siku ya kwanza. Tulichopoteza ni yale yanayouzunguka msimbo: hoja, mijadala, maoni ya mtu aliyesoma kazi ya mwenzake akamwambia "hapa ngoja kwanza", picha, orodha ya nani ameruhusiwa kugusa nini. Hayo hayamo ndani ya Git. Yanakaa kwenye hifadhidata ya mwenye seva. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi nimeona kwamba hata mali ikibaki mkononi, daftari likipotea hujui tena unachokishika.

Ndiyo maana nasema bila kusitasita: timu ya Nairobi inayoandika programu zinazoshika pesa za watu ikae na seva yake yenyewe ya kusimamia msimbo.

Git yenyewe ilizaliwa kwa machungu kama haya. Kuanzia 2002 waandishi wa kiini cha mfumo wa kompyuta wa Linux walikuwa wakitumia BitKeeper, programu ya kutunza msimbo iliyomilikiwa na kampuni, waliyoruhusiwa kuitumia bure. Mwaka 2005 ruhusa hiyo ikaondolewa, na Aprili mwaka huo Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akaketi kuandika chombo chao wenyewe. Akakiunda hivi kwamba kila mtu anabeba nakala kamili, pasiwe na mmoja wa kuwafungia wengine mlango. Kisha sisi tukaichukua Git hiyo na kuweka mijadala yetu yote kwenye tovuti moja ya mbali, tukaurudisha ule mlango mmoja. Google Code, iliyokuwa makao ya miradi mingi sana, ilifungwa Januari 2016. Mwaka 2019 GitHub, tovuti kubwa ya kuhifadhi misimbo, iliwabana watumiaji wa Iran, Syria na Crimea kwa sababu ya vikwazo vya Marekani. Kenya haimo kwenye vikwazo hivyo, lakini mwandishi wa programu wa Tehran naye hakuwa na ugomvi na mtu.

Sisi tulichagua Forgejo, programu ya kusimamia msimbo unayoiweka kwenye seva yako mwenyewe. Ina ukoo wake: Gogs ilianza 2014, Gitea ikachipuka humo 2016, na mwishoni mwa 2022, baada ya kampuni kuundwa na kushika jina la Gitea, sehemu ya jumuiya ikatoka na Forgejo chini ya Codeberg, chama kisicho cha faida huko Berlin. Jina limetokana na neno la Kiesperanto lenye maana ya karakana ya mhunzi. Hilo nalipenda. Ukipita Kamukunji saa nne asubuhi unasikia nyundo kabla hujawaona mafundi, na kila fundi pale, hata asiye na kibanda, nyundo ni yake.

Programu ni nyepesi. Tulinunua kompyuta ya mezani iliyotumika, kwenye duka moja la Luthuli Avenue, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8, tukaiweka chini ya meza ya jikoni mwa ofisi karibu na betri ya akiba. Kwa watu 6 hifadhidata ndogo ya SQLite inatosha kabisa. GitLab, programu nyingine ya aina hiyo, ina mengi zaidi na tuliijaribu, lakini inakula kumbukumbu kiasi kwamba mashine yetu ilihema. Timu kubwa yenye mtu wa kuilea wala isiogope kuichukua.

Sasa kuna jambo ambalo wanaosifia seva za nyumbani hulipita haraka, nami nitakaa hapo kidogo.

Usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023 stima ilipotea nchi nzima. Betri yetu ilidumu dakika 20. Stima iliporudi, mashine ilinguruma, diski ikatoa mlio mkavu kama wa njugu kwenye bati, ikanyamaza. Seva ilikuwa na wiki 6 tu. Nilipiga magoti jikoni pale nikiisikiliza, nikijua kwamba safari hii hakuna wa ng'ambo wa kumlaumu. Nakala ya akiba ilikuwepo, ya Alhamisi usiku, kwenye diski ya nje. Tuliirejesha Jumatatu mchana. Msimbo wa Ijumaa ulirudi kutoka kompyuta zetu ndani ya dakika chache. Hoja 4 za Ijumaa hazikurudi, tuliziandika upya kwa kukumbuka, na moja hadi leo nadhani tuliikumbuka vibaya.

Hata wakubwa yamewakuta. Januari 31, 2017 mhandisi wa kampuni ya GitLab, akiwa kwenye seva asiyoikusudia, alifuta hifadhidata ya tovuti yao. Walikuwa na njia 5 za kuhifadhi nakala, na hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi sawasawa. Iliyowaokoa ni nakala ambayo mhandisi alikuwa ameichukua mwenyewe saa 6 kabla. Angalia kilichopotea: hazina za msimbo zilibaki salama, zilizoondoka ni hoja, maoni na akaunti za saa hizo 6. Daftari tena. Nawaheshimu sana kwa sababu walieleza yote hadharani huku wakiendelea kurekebisha.

Kwa hiyo siku hizi nakala hutoka kila saa kwenda diski ya pili. Nyingine, iliyofungwa kwa siri, huenda kwenye seva ya kukodi nje ya nchi kila usiku. Na kila Ijumaa mmoja wetu huondoka na diski kwenda nayo Rongai, nje kidogo ya Nairobi. Sina tatizo na ng'ambo kama mahali pa kuwekea nakala. Nina tatizo na ng'ambo kama mahali pekee.

Jingine ni usalama. Seva yako ukiianika kwenye intaneti, umejipa kazi ya kuisasisha. Mwaka 2021 kulikuwa na kasoro kwenye GitLab iliyomwezesha mtu asiye na akaunti kuiteka seva kwa kupakia picha iliyotengenezwa kwa hila. Ilizibwa Aprili, na miezi ikapita maelfu ya seva bado ziko wazi kwa sababu hakuna aliyejali kubonyeza kitufe. Yetu haionekani kutoka nje. Aliye nyumbani huingia kwa njia ya siri ya mtandao (VPN), basi. Na kama hakuna hata mmoja katika timu yenu aliye tayari kusasisha kila mwezi, bakini mlipo. Nasema hivi kwa moyo wote, seva iliyotelekezwa ni hatari kuliko akaunti ya kukodi.

Wengine wataniambia huduma za ng'ambo ni bure, na ni kweli, tangu Aprili 2020 GitHub inatoa hazina za faragha bure kwa timu. Kazi zetu za wazi, zile tunazotaka wageni wazisome na kuzichangia, ziko huko na zitabaki huko, maana watu ndiko waliko. Lakini hesabu za mikopo ya walimu wastaafu si kazi ya maonyesho.

Jumapili ya Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari. Jumatatu asubuhi intaneti ya ofisi yetu ilikuwa inajikokota, na jengo zima watu walikuwa kwenye korido wakiinua simu juu kutafuta mtandao. Sisi tulikuwa tunafanya kazi. Waya kutoka mezani kwangu hadi jikoni una urefu wa mita 9.

Mwalimu tulimwomba radhi kwa maandishi, yeye na wadhamini wake, na mstari ukarudishwa siku ileile. Hoja yake tuliiandika upya kwenye seva mpya. Mhasibu akatupigia picha zile kurasa tena, akalalamika kidogo, akazituma. Ni hoja namba 1.

Kila baada ya miezi 3 mmoja wetu hupewa kompyuta tupu na diski ya Rongai, na hapati chakula cha mchana mpaka seva iwake upya kutoka kwenye nakala. Zamu iliyopita ilikuwa ya kijana yule aliyeunyoosha mstari. Alimaliza kwa dakika 47. Ili kutuonyesha kwamba imewaka alifungua hoja namba 1, akakuza picha ya daftari la mhasibu mpaka mwandiko wa kalamu ya bluu ukajaa kioo, 5,334, 5,334, 5,332, akatuita tuje tuone.