Magunia 1,947

Mjomba wangu ni Mgogo wa Kongwa, na ukimpa kiti cha dirishani kwenye basi, safari nzima ni historia. Alikuwa kaniahidi kunipeleka ilipokuwa kambi ya wapigania uhuru, ambako FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini na SWAPO ya Namibia walifunza watu wao miaka ya 1960, na Samora Machel mwenyewe alifundisha vijana pale. Ila kwanza tukashuka Kibaigwa, maana mkewe alimwagiza debe la mahindi ya makande.

Kibaigwa ni mahindi. Soko liko kando ya barabara kuu ya Dodoma na Morogoro, malori yamejipanga, makuli wanapita na mizigo wakifoka "Pishaaa!", vumbi la pumba linakuingia mpaka kwenye meno. Mjomba akaenda kumtafuta dalali wake. Mimi nikajibanza kivulini, nikatoa daftari niandike aliyonimiminia njiani kabla sijasahau: Waingereza wameanza mradi wa karanga 1947, ardhi ya Kongwa ikikauka jembe linadunda, matrekta yakafa, mvua ikawapiga chenga, 1951 wakafunga virago.

Sasa mimi nina shati jeupe, kofia, na kalamu sikioni. Na mbele yangu kulikuwa na magunia ya lumbesa, yale yaliyokatazwa na sheria ya vipimo, yaliyoongezwa kilemba kikubwa juu yakashonwa kwa kamba.

Kuli mmoja akachungulia daftari. "Jamani, huyu anaandika!"

Upande ule wote ukapoa. Kamba zikaanza kufumuliwa, vilemba vikashuka kimoja kimoja. Kijana akachoma gunia kwa bambo, akanimiminia punje kiganjani: "Kagua bosi, kavu hiyo." Soda ikaja, sijui kaagiza nani. Kisha mzee wa umri wa baba yangu akanisogelea, mikono kifuani.

"Shikamoo mkubwa."

Ulimi ukateleza: "Marahaba."

Hapo ndipo nilipozikwa rasmi.

"Hiyo 1947 ndiyo magunia yangu? Mimi sina hata mia mbili!"

"Hapana mzee, hiyo ni karanga."

"Karanga! Tangu lini nimeuza karanga?"

"Si zako. Za Waingereza."

Akamgeukia mwenzake. "Tumekwisha. Safari hii wamekuja na wazungu."

Yule mwenzake alikuwa anafumua gunia. Mikono ikamtetemeka, gunia likafunguka lote, mahindi yakanifukia viatu. Kuku wa soko zima wakanivamia miguuni.

Ndipo mjomba akatokea na salamu yake ya Kigogo, "Mbukwenyi!", akaelezwa, akacheka mpaka akakaa chini. Wenye mali hawakucheka. Soda nililipa, na nikakabidhiwa sindano ya magunia nisaidie kushona. Kambini tulifika giza limeingia, sikuona hata ukuta.

Njia nzima mjomba alikuwa kimya, nikadhani ananionea huruma. Kumbe ana kinyongo.

"Mjinga wewe," akasema. "Si ungengoja kwanza nipimiwe debe langu?"