Kipimo cha dakika mbili na pombe inayoua kesho yake

Mei 2014, watu zaidi ya 80 walikufa Embu, Kitui, Makueni, Kiambu na Murang'a nchini Kenya baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli, pombe ya viwandani ambayo ni sumu. Februari 2024 ikawa zamu ya Kirinyaga. Walikufa watu wasiopungua 17, na mara hii serikali yenyewe ikasema pombe ile ya sumu ilitoka miongoni mwa vielelezo vilivyohifadhiwa kituo cha polisi cha Kiamaciri. Yaani ilishakamatwa, ikawekwa kituoni, kisha ikarudi baa.

Ukipendekeza polisi wapewe vihisi, yaani vifaa vidogo vya mkononi vya kutambua sumu papo hapo, mawakili wa utetezi watakukumbusha Marekani, na hawakosi sababu. Polisi wa huko hupima unga unaoshukiwa kuwa kokeini kwa vifuko vya kemikali vya dola mbili hivi: rangi ikigeuka buluu, unatiwa pingu. Kumbe kemikali hiyo hugeuka buluu pia ikikutana na vitu vingine zaidi ya 80, zikiwemo dawa za chunusi na sabuni za kusafishia nyumba. Mwaka 2024, Kituo cha Quattrone cha Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilikadiria kwamba watu 30,000 hivi hukamatwa kila mwaka kwa vipimo hivyo bila kuwa na dawa yoyote haramu.

Hiyo 30,000 hutajwa kana kwamba imemaliza mjadala, kwa hiyo tuikague. Kwanza, inahusu rangi inayosomwa kwa macho, mara nyingi kando ya barabara, usiku. Pili, tazama yaliyofuata. Katika Kaunti ya Harris, uliko mji wa Houston, zaidi ya watu 200 walitiwa hatiani kati ya 2004 na 2015, kisha maabara ikapima na isikute dawa. Wengi walikuwa wamekiri haraka, kwa sababu kukiri kulileta kifungo kifupi na kusubiri maabara kulimaanisha kusota rumande. Kifuko kilikosea, sawa. Lakini waliowafunga ni waendesha mashtaka na mahakimu waliolipokea jibu la kifuko kama jibu la mwisho.

Methanoli ni kesi nyingine kabisa, na hapa ndipo naona vihisi vinahukumiwa kwa makosa ya wengine. Anayeinywa hulewa kama kawaida na kwenda kulala. Ini huigeuza kuwa formaldehaidi, kisha asidi ya fomiki inayoshambulia mishipa ya macho. Mara nyingi dalili hujitokeza saa 12 hadi 24 baadaye, na huchelewa zaidi kama alikunywa na ethanoli, pombe ya kawaida. Ndani ya saa hizo tiba ipo: fomepizole, au hata ethanoli yenyewe chini ya uangalizi wa daktari, kulizuia ini lisiendelee na kazi hiyo. Sampuli ikipelekwa kwa Mkemia wa Serikali jijini Nairobi ikasubiri zamu yake, jibu litakuja, tena sahihi, ila litawakuta wamezikwa. Na ushahidi wenyewe haukai ukingoja: methanoli huchemka kwenye nyuzi 65 tu, na jerikeni iliyozibwa kwa kipande cha nailoni ikikaa juani huipoteza kidogo kidogo.

Mwaka 2019 watafiti wa ETH Zurich walionyesha kihisi kidogo cha oksidi ya bati yenye chembe za paladi. Peke yake kingechanganyikiwa, kwa maana huitikia methanoli na ethanoli vilevile. Ujanja uko kwenye kamrija kanakokitangulia, kalikojazwa chembe za polima: methanoli hupita upesi, ethanoli hukwama nyuma, kihisi kikazisoma moja baada ya nyingine. Jibu hutoka ndani ya dakika mbili, iwe ni mvuke wa kinywaji au pumzi ya mnywaji, anayepuliza kama dereva aliyesimamishwa kwa alcoblow, kile kipima ulevi cha barabarani.

Kifaa hicho hakimzuii askari mwizi. Lakini pipa lililojulikana kuwa sumu siku ya kwanza lina sababu ya kuombewa amri ya mahakama limwagwe, ibaki sampuli tu.

Pingamizi linaloninyima usingizi si la mawakili. Ni jibu la "hakuna". Kihisi cha methanoli hakijui dawa ya wadudu wala kemikali nyingine iliyotiwa humo, na afisa akitamka mbele ya watu kwamba pipa ni safi, litanyweka. Tena vihisi huzeeka. Bila kupimwa mara kwa mara dhidi ya gesi yenye kiwango kinachojulikana, namba yake ni ya kubahatisha. Kwa hiyo kisitumike kamwe kutangaza usalama. Kitumike kuamua nani akimbizwe hospitali na kipi kifungwe kwa lakiri.

Mahakamani hakina haja ya kwenda. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 77, tayari inapokea ripoti ya mkemia wa serikali. Harris nao walijirekebisha kwa kukataa kupokea ukiri kabla ya ripoti ya maabara. Kanuni hiyohiyo ingeandikwa Kenya kabla ya kihisi cha kwanza kununuliwa.