Mama Mzazi Si Mgeni wa Wodi

Juzi usiku nilimpelekea ndugu yangu nguo hospitalini, nikamkuta mlinzi akimwamsha mwanamke aliyejilaza kwenye benchi nje ya wodi ya watoto wachanga. "Mama, muda wa kuona wagonjwa umekwisha." Mwanamke aliinuka taratibu, mkono mmoja ameshika mshono wa tumbo, wa pili ameshika kikombe cha maziwa aliyoyakamua, kilichobandikwa plasta yenye jina lake na saa. Akajibu bila hasira: "Baba, mimi sikuja kuona mgonjwa. Mwanangu yumo humo ndani." Yeye aliruhusiwa siku ya nne baada ya upasuaji, mtoto, aliyezaliwa katika wiki ya 30 ya ujauzito, hakuruhusiwa. Kitanda alipewa mwingine, naye akapewa karatasi, kana kwamba karatasi ina paa.

Tangu siku hiyo neno "kuruhusiwa" linanikera. Anaruhusiwa kwenda wapi mtu anayetakiwa kurudi kila baada ya saa tatu? Mtoto njiti asiyeweza kunyonya hulishwa kwa mrija, kidogo kidogo, usiku na mchana, na hakuna maziwa yanayomfaa kuliko ya mama yake. Maziwa hayo nayo yana masharti yake: yasipokamuliwa mara kwa mara, usiku ukiwamo, hupungua, na maumivu pamoja na wasiwasi huyazuia yasishuke. Sisi tunamlaza mama kwenye benchi, tunamkatiza usingizi, kisha asubuhi tunamuuliza kwa mshangao mbona leo ameleta kidogo.

Msiniambie kwamba ninadai anasa. Mwaka 1978, huko Bogotá nchini Kolombia, daktari Edgar Rey alianza kuwaweka watoto njiti kifuani kwa mama zao kwa sababu inkubeta, mashine za kuwatia joto, hazikutosha. Huduma hiyo, iitwayo ya kangaruu, ilizaliwa na uhaba, si na utajiri. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ambako vitanda vya akina mama viliingizwa ndani ya chumba chenyewe cha uangalizi maalumu ili mtoto akae kifuani mapema, bila kungojewa kwanza hali yake itengemae. Vifo katika siku 28 za mwanzo vilipungua kwa takriban robo. Dawa ingeleta matokeo kama hayo, tungeipangia foleni. Kwa kuwa ni kitanda cha mama, tunaambiwa bajeti haina kifungu chake.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wodi ya watoto wachanga si mahali pa kuingia kila mtu, kwani maambukizi huwaua watoto hao upesi. Lakini nani aliye hatari zaidi: mama aliyeoga, akanawa mikono na kulala chumba cha jirani, au yule aliyekesha kwenye korido akipokea kikohozi cha kila apitaye? Pale ambapo wodi kweli haina nafasi, na ijengwe nyumba ya wazazi ndani ya uzio wa hospitali, yenye vitanda, bafu, jiko na jokofu la maziwa, na ihesabiwe kuwa sehemu ya matibabu badala ya kuachiwa wafadhili wenye huruma.

Kuhusu baba, ambaye mara nyingi haruhusiwi hata kuchungulia, nitasema tu kwamba kifua chake nacho kina joto. Na wale watoto wakubwa walioachwa kwa majirani wiki ya tano sasa, hao hata hawamo katika hesabu ya mtu yeyote.

Usiku ule muuguzi alifungua mlango kiasi cha kupitisha mkono, akapokea kikombe, akaisoma saa kwenye plasta, akafunga. Mlinzi, kwa heshima yake, alijifanya ana kazi upande wa pili wa jengo. Mama akarudi kwenye benchi, akaukunja mtandio wake ukawa mto, akaniomba nimtajie saa, maana simu yake ilikuwa imezima chaji na zamu yake nyingine ya kukamua ilikuwa saa sita.