Reli ya Bustanini Haishindwi na Mwanza, Inashindwa na Maji

Kuna kauli inayojirudia kila picha ya treni ndogo ya bustanini inaposambaa kwenye simu: "Hayo ni mambo ya Ulaya, huku kwetu mvua moja tu imekwisha." Na kweli, mara nyingi picha yenyewe inaonyesha reli za plastiki zilizotoka kwenye boksi la duka la zawadi, zimetandazwa juu ya udongo mtupu, nusu zimefunikwa na tope, injini imelala ubavu. Watu wanacheka, wanafunga mjadala. Inaniudhi, na naomba nieleze kwa nini.

Kwanza, upana wenyewe wa reli ni wa kwetu. Reli ya bustanini iliyoenea zaidi duniani ina upana wa milimita 45, na kampuni ya Lehmann ya Ujerumani ilipoanza kuuza treni zake za LGB mwaka 1968 ilitumia kipimo cha 1:22.5, yaani milimita 1 ya treni ndogo ni milimita 22.5 za treni halisi. Zidisha 45 kwa 22.5 uone: inakaribia kabisa milimita 1,000. Hiyo ni MGR, reli ya zamani ya upana wa mita moja, iliyotoka Tabora ikafika Mwanza mwaka 1928, ileile inayoingia mjini kupitia Fela na Mkolani. Mtoto wa Igogo akiona treni ya milimita 45 anaona treni ya nyumbani kwao kabisa. Anayetaka SGR naye hajatupwa: upana wake ni milimita 1,435, kwa hiyo juu ya reli hiyohiyo ya milimita 45 unajenga kwa kipimo cha 1:32. Mimi nachagua MGR, lakini sitagombana na mtu kwa hilo.

Ninachogombania ni msingi. Reli ya bustanini ni kazi ya maji kabla ya kuwa kazi ya treni. Waulize wanaoijua Reli ya Kati: mto Mkondoa pale Kilosa umeisumbua njia kwa miaka mingi kwa kuchimba chini ya tuta. Tuta dogo la sentimita 15 uani Mabatini linakufa kwa ugonjwa uleule, na linatibiwa kwa dawa ileile.

Tazama viwanja vyetu vilivyo. Mlimani udongo ni mwembamba juu ya mwamba wa itale, mvua ya vuli haipati pa kuzama, inateremka juu juu kwa kasi. Ukijenga tuta la reli linalokata mteremko, umejenga bwawa. Maji yanajaa upande wa juu, yanatafuta sehemu dhaifu, yanatoboa, na ndani ya dakika chache reli inaning'inia hewani. Wengi wakiona hivyo wanaongeza saruji. Saruji haisaidii kitu kama maji hayana njia. Yatapita chini yake, na safari hii litaondoka bamba zima.

Kinachosaidia ni hiki. Sentimita 50 juu ya njia, upande maji yanakotokea, chimba mfereji wa kukinga wenye kina cha sentimita 10 hivi na uupe mwinamo wa sentimita 1 kwa kila mita kuelekea kando. Kisha, chini ya tuta, weka kalvati: vipande vya bomba la plastiki la inchi moja na nusu, kimoja kila baada ya mita 2, na vingine viwili karibu karibu mahali ambapo maji hupita sana. Huna haja ya kukisia mahali hapo. Subiri mvua, simama barazani, tazama maji yanakopita, asubuhi weka vijiti. Mdomo wa kila kalvati zungushia mawe madogo, maana maji yakitoka huchimba shimo na shimo hilo hurudi nyuma hadi chini ya reli.

Tuta lenyewe: handaki la upana wa sentimita 20, kina sentimita 15. Chini tandika mifuko ya sandarusi iliyochanwa, ile ya unga au ya mbolea, kwa sababu inapitisha maji na inazuia kokoto zisizame kwenye udongo. Usitandike nailoni. Nailoni inashika maji, na tuta linageuka beseni. Juu ya sandarusi mwaga sentimita 10 za kokoto za kawaida za inchi moja au robo tatu, shindilia, halafu sentimita 5 za vumbi la kokoto, mwagia maji, shindilia tena.

Hapo kwenye vumbi ndipo wengi wanapoharibu. Wanaona mchanga wa ziwani ni safi na wa karibu, wanaumwaga. Punje za mchanga wa ziwani zimesuguliwa na maji hadi zikawa mviringo, hazishikani. Ukikanyaga zinakimbia, mvua ikija zinaondoka nayo. Vumbi la itale iliyopondwa lina ncha kali, punje zinang'ang'aniana, na likishindiliwa likiwa na unyevu linakuwa gumu huku likiendelea kupitisha maji. Mwanza ina wagonga kokoto karibu kila mtaa wenye mawe. Wanachokiona kama taka, ule unga unaobaki chini ya chekeche, ndicho kitu bora kabisa kwa kazi hii.

Viwango, kwa mtu anayetaka kuhesabu: njia ya duara refu yenye pinde mbili za nusu kipenyo cha mita 1.2 na mistari miwili iliyonyooka ya mita 4 ina urefu wa mita 15.5, na inakaa kwenye eneo la mita 7 kwa 3. Inakula ndoo 16 za lita 20 za kokoto na ndoo 8 za vumbi. Ongeza ndoo mbili za akiba, kwa sababu vumbi hupungua likishindiliwa.

Kwa wa Kisesa na Buhongwa, kwenye mbuga ya udongo mweusi, mambo ni tofauti: udongo ule huvimba ukilowa na hupasuka ukikauka. Chimbeni sentimita 30, jazeni moramu nusu ya chini, ndipo mje kwenye kokoto. Kwa wa mwambani ambako jembe haliingii, msichimbe kabisa. Jengeni kijiukuta cha mawe na udongo wa saruji, mkiacha matundu ya kutolea maji. Na mwenye kiwanja kinachogusa ziwa akumbuke kwamba sheria ya mazingira inalinda mita 60 kutoka ukingoni. Treni isiwe sababu ya kumwaga saruji huko.

Mwinamo wa njia usizidi sentimita 2 kwa mita. Pimeni kwa mpira mwembamba unaong'aa uliojazwa maji, kama mafundi wa nyumba wanavyofanya. Pima maji fupi hudanganya kwenye mita 15.

Na msingi ukiisha, usilaze reli. Uache unyeshewe. Mvua tatu nne kubwa zitakuonyesha pa kurekebisha, na kurekebisha vumbi tupu ni kazi ya nusu saa, ilhali kurekebisha chini ya reli ni kung'oa kila kitu.

Sasa reli. Nakiri, shingo upande, kwamba reli za shaba nyeupe zinazoagizwa nje ni nzuri: haziozi, plastiki ya mataruma yake (vile vipande vya kukingama vinavyobeba reli) imetengenezwa kuhimili jua, unazilaza siku moja. Aliye na fedha anunue. Lakini zisitumike kama kisingizio cha kuacha. Flatibaa, chuma bapa, ya milimita 20 kwa 3, ileile ya mafundi wa mageti, inafanya kazi hii vizuri ikisimamishwa kwa ubavu wake. Njia ya mita 15.5 inahitaji mita 31, yaani flatibaa 6 za mita 6, na chenji inabaki kwa njia ya pembeni. Kutu kali mnayoiogopa ni ya pwani. Ziwa letu halina chumvi. Paka rangi nyekundu ya kuzuia kutu ubavuni, juu acha wazi; magurudumu yenyewe yatapang'arisha.

Mataruma kata kwenye mbao za mninga au mvule, urefu milimita 85, upana 10, unene 20, moja kila sentimita 4. Hiyo ni 25 kwa mita, karibu 390 kwa njia nzima. Kila taruma likatwe mifuo miwili ya upana wa milimita 3 na kina cha 12, ili reli ichomoze milimita 8 juu. Kati ya uso wa ndani wa reli moja na wa nyingine pawe milimita 45 kwenye mstari, 46 kwenye pinde. Tengeneza kipimo cha chuma kwa kila kimoja, usitegemee rula. Mbao laini za msonobari ziacheni: mchwa watakula kabla ya masika kwisha. Oili chafu inazuia mchwa, ila pasiwe na mchicha wala sukuma wiki jirani.

Kukunja flatibaa kuna siri ambayo watu huipata kwa hasara. Ukiikunja juu ya ukungu, yaani umbo gumu la kukunjia, wa nusu kipenyo cha mita 1.2, ukiiachia inarudi karibu kunyooka, maana kwa unene wa milimita 3 mkunjo huo ndiyo kwanza chuma kinaanza kukubali. Tumia ukungu wa nusu kipenyo cha sentimita 50 hivi, nao utaachia mkunjo unaokaribia mita 1.2, kilichobaki mataruma yatakishika.

Kata reli vipande vya mita 3. Chuma cha urefu huo kikipanda joto kwa nyuzi 30 kinarefuka milimita 1. Kwa hiyo ukilaza alfajiri acha mwanya wa milimita 1 kila kiungo. Ukilaza saa saba mchana reli zigusane tu. Vibamba vya kiungo vitobolewe matundu marefu kidogo ili reli iteleze. Na njia yote ielee juu ya vumbi, isifungwe kwenye saruji. Njia iliyofungwa haina pa kurefukia, hupinda ubavu kama nyoka saa nane mchana, na mtu huanza kulaumu chuma.

Umeme wa kupita relini usijaribiwe kwa flatibaa. Kutu kidogo, kinyesi cha ndege, wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi na kufia kila mahali, vyote hukata mawasiliano. Weka betri ndani ya injini: seli 4 za lithiamu za ukubwa unaoitwa 18650 zilizounganishwa mfululizo zinatoa volti 14.8, zikijaa 16.8, na lazima ziwe na kibao kidogo cha saketi ya ulinzi na chaja ya seli 4. Seli zilizotolewa kwenye kompyuta mpakato mbovu zinafaa kama zote nne zinalingana uwezo. Iliyovimba au inayopata moto itupwe salama, isijaribiwe tena.

Mota: gurudumu la milimita 40 likizunguka mara 240 kwa dakika linakupa nusu mita kwa sekunde, ambayo kwa kipimo chetu ni kama kilomita 40 kwa saa. Tafuta mota ya volti 12 yenye giaboksi inayotoa mizunguko 200 hadi 250, iongoze kwa kidhibiti kinachopunguza volti. Wauza vifaa vya elektroniki kwa wanafunzi wa ufundi huwa nazo. Magurudumu mpelekee fundi wa kukereza vyuma, umwambie nafasi kati ya migongo ya magurudumu mawili ni milimita 40. Mabehewa yasizidi sentimita 45 kwenye pinde za mita 1.2.

Mandhari Mwanza imeshatupa bure. Jiwe la sentimita 44 uani kwako ni jabali la mita 10. Hakuna bustani ya Ulaya inayoweza kununua hicho.

Ukoka ung'olewe kila wiki, ukiingia kwenye vumbi hautoki. Kuku ni tatizo la kweli, wanachakura mabega ya tuta: changanya vumbi sehemu 8 na saruji kavu sehemu 1, tandaza mabegani tu, nyunyizia maji kwa kopo lenye matundu.

Na kwa wanaopenda bandari, Mwanza Kusini ina kitu kisicho cha kawaida: meli ya MV Umoja inayobeba mabehewa ya treni kuvuka ziwa hadi Port Bell. Bwawa dogo na daraja lenye bawaba vinatosha kuiga hilo. Bawaba iwe upande wa nchi kavu, daraja liwe na urefu wa sentimita 60 angalau, kwa sababu maji ya bwawa hupungua kwa jua, na daraja fupi litakuwa mwinuko ambao injini haiupandi.

Anayetaka kuanza sasa, achimbe kati ya Juni na Agosti, wakati wa kiangazi, vuli ikute kalvati zimeshawekwa. Injini isubiri. Fedha ya kwanza iende kwa mgonga kokoto, na siku gari lake la mkono likifika umwambie wazi kwamba unataka na ule unga wa chini ya chekeche, usije ukatupwa.