Mutuletee mtu wa pili kwanza, mashine baadaye

Kila mara mradi ukija kutembelea materinite, pale wamama wanazalia, hapa Bukavu swali ni lile lile, muko na kuvezi (kisanduku cha kumpa mtoto joto) ngapi, muko na monita, na siye tunajibu kama wanafunzi, kuvezi mbili, moja imeharibika. Sijasikia mtu anauliza: saa tisa ya usiku prematire, mtoto wa mbele ya wakati, wa kilo moja akizaliwa bila kulia, ni watu wangapi wako juu yake? Mara mingi ni akusheze (mkunga) mmoja, na mama naye bado anatoka damu hapo pembeni.

Mi naonaga shida njo hiyo. Unabana masiki usoni, unafinya ambu, ule mfuko wa kumpulizia mtoto hewa, pumzi 40 mpaka 60 kwa dakika, sasa kifua nani anakitazama? Wewe uko unachunga masiki isiteleze. Hewa ikivuja kwenye shavu inatoa kasauti kadogo, fsss, lakini jenereta ikinguruma nje husikii kitu, unaweza kufinya dakika nzima na mapafu hayajapata hata kidogo. Na kuzidisha pia ni mubaya, mtoto wa kilo moja pumzi yake ni mililita 4 mpaka 6 hivi, kijiko cha chai, na ambu ya watoto wachanga inabeba zaidi ya mililita 200, ukiifinya na kiganja chote juu ya woga unaumiza mapafu ambayo hata hayajakomaa. Kifua kinapaswa kuinuka kidogo tu, basi.

Halafu kuna ile kuhema ya kudanganya. Mtoto anafungua kinywa, anavuta mara moja kwa nguvu, ananyamaza, bibi yake mlangoni anapiga vigelegele, na akusheze aliyechoka anaacha ambu. Ile si kupumua, endelea kufinya!

Mtu wa pili kazi yake ni ndogo sana, na njo maana inaniuma kuikosa. Anashika shina la kitovu kwa vidole viwili, ao anaweka stetoskopu, na kila pigo la moyo analigonga kwenye meza ili mwenye ambu asikie bila kuinua macho. Anahesabu sekunde 6, anazidisha kwa 10. Chini ya 100, pumzi ziendelee, tena urekebishe masiki. Bila huyo mtu, mtoto ambaye hapumui lakini moyo wake unapiga anaweza kuandikwa kwamba alizaliwa amekufa. Mutafakari hiyo kidogo.

Mutaniambia Ulaya wako na skrini inayoonyesha kila pumzi ni mililita ngapi. Ndiyo, lakini utafiti mmoja uliotoka 2021, kwa watoto waliozaliwa kabla ya wiki 28, uliona kwamba wenye kutazama skrini hawakubaki ndani ya mililita zinazotakiwa zaidi kuliko wenye kufanya bila hiyo skrini. Sisemi mashine ni za bure, hapana, oksimeta, ile ya kupima oksijeni ndani ya damu, kwenye mkono wa kuume inasaidia sana, inakuzuia kumjaza mtoto oksijeni ovyo, maana hata mtoto mzima kabisa kwenye dakika ya 5 anaweza kuwa bado kwenye asilimia 80 na kitu, rangi ya ngozi inadanganya.

Basi mradi ukirudi mi nitaomba mshahara wa akusheze wa pili wa usiku. Na oksimeta ya betri, maana SNEL, kampuni ya umeme, munaijua.