Mdhaniwa wa mwisho wa reli

Msomi akitaja neno dhana anakusudia wazo. Mama muuza dagaa wa Kibirizi akisema "hiyo dhana tu", anakusudia jambo ambalo halijathibitishwa, na pengine linamwonea mtu. Huku Kigoma, mwisho wa reli, dhana ya huyo mama ndiyo tunayoijua zaidi.

Basi limetoka Kasulu, linasimamishwa kwenye kizuizi, afisa anapita kati ya viti akimtafuta asiye raia. Mwenye lafudhi ya Dar anapitwa. Mwenye lafudhi ya Kiha, lugha ya wenyeji wa huku, anaulizwa kwao wapi, babu yake kazaliwa wapi, mwenyekiti wa kijiji ni nani. Akijibu haraka, amekariri. Akisita, anaficha. Hapo swali halitafuti jibu tena, linatafuta kosa.

Afisa naye ana lake la kusema. Mkoa huu ulipokea Warundi mwaka 1972, ukawapokea tena 1993, na tangu 1996 kuna kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa kwa ajili ya Wakongo. Wasafiri wa barabara ya Kasulu hadi Kibondo hawajasahau enzi za mabasi kusindikizwa na askari wenye silaha. Hawezi kumhoji kila abiria mpaka usiku, kwa hiyo anakisia. Mvuvi wa ziwani naye hukisia: akiona wingu zito juu ya milima ya Kongo, anageuza mtumbwi. Hakuna anayemlaumu.

Ila mvuvi akikosea, hasara ni yake. Kalala bila samaki, na kesho atalitazama wingu kwa makini zaidi. Afisa akikosea, anayelipa ni abiria aliyeachwa na basi. Kosa lisilomuuma aliyelitenda litamfundisha nini?

Halafu kuna lafudhi yenyewe. Kiha na Kirundi vinasikilizana karibu neno kwa neno. Lafudhi basi itakutofautishia Mha na Mzaramo, jambo ambalo hakuna aliyeliuliza. Kumtofautisha Mha na Mrundi, ambalo ndilo swali, haiwezi. Na hata ukipatia kwamba ukoo wa mtu ulitoka Burundi, bado hujajua uraia wake: Warundi wapatao 162,000 wa wimbi la 1972 walipewa uraia wa Tanzania, wengi wao wakazi wa Ulyankulu kule Tabora, na wa Katumba na Mishamo kule Katavi.

(Kinachonichekesha ni mtu wa Ujiji kuulizwa Kiswahili kajifunzia wapi. Stanley alipomkuta Livingstone pale mwaka 1871, mji ulikuwa tayari na wafanyabiashara wa pwani. Reli ilifika Kigoma baadaye, 1914.)

Wahenga walisema mdhaniwa ndiye kumbe siye, na sisi wenyewe tunaolalamika tunalisahau. Katika vijiji vya jirani na kambi, mbuzi akipotea hakuna anayeuliza kamba ilifungwaje. "Wakimbizi hao," basi, kesi imekwisha. Wizi wa kweli umewahi kutokea, sikatai, na aliyeibiwa mara mbili ana sababu ya kuwa macho. Lakini kuwa macho ni kutazama, na sisi huwa tumeshaacha kutazama.

Mbuzi wa jirani yangu alionekana siku ya tatu kwenye zizi la shemeji yake. Kambini hakuna aliyekwenda kuomba radhi.